Namna ya Kumlipa Kibarua Mkononi, Usidhulumu Wala Usidhulumiwe

Likifika kumi la mwisho la Ramadhani, Mlandege hapa Unguja haipitiki. Unavuka barabara kutoka Darajani kwenda kununua kofia moja tu, unasukumwa na umati, unajikuta Vikokotoni umeshika pakiti tatu za soksi na hujui nani kakuuzia. Madera yametundikwa mpaka juu ya milango. Kanzu za watoto zimepangwa kwa umri. Viatu vimemwagwa juu ya turubali, kila mtu anatafuta cha mguu wa kushoto. Katikati ya vurugu hilo wamo watu ambao mwezi mmoja nyuma hawakuwemo: wanafunzi wa skuli, mabinti waliokuja kumsaidia shangazi, wachukuzi wanaoingia na marobota mabegani. Hao ndio vibarua wa sikukuu. Wanaingia baada ya futari, wanatoka saa saba za usiku, na usiku wa kuamkia Idi wanalipwa mkononi.

Mwongozo huu ni wao, na ni wa matajiri wao. Nauandika kwa sababu kila sikukuu ikipita, mtaani kunabaki watu wawili watatu wasiosalimiana, na ukiuliza kisa utaambiwa ni elfu kumi.

Nami nimewahi kula sikukuu ya namna hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tajiri mmoja wa nguo, ambaye simtaji, tulipatana naye siku kumi, elfu tano kwa siku. Usiku wa mwisho akatoa bulungutu, akalamba kidole, akanihesabia elfu arobaini.

“Ami, ni siku kumi,” nikamwambia.

“Ni nane, mwanangu. Zile mbili ilinyesha mvua, hukuja.”

Nilikuja. Shati nililorowa nalo lilikuwa bado limeanikwa nyumbani. Lakini shati bichi si ushahidi, na mimi sikuwa na ushahidi mwingine. Sisemi alikusudia kunila. Usiku ule alikuwa na vibarua sita, na hesabu zetu zote zilikuwa kichwani mwake pamoja na bei ya kila dera. Tulipatana kwa mdomo, tukahesabiana kwa mdomo, tukagombana kwa mdomo. Tangu hapo nimeamini jambo moja, na mwongozo wote huu umesimama juu yake: noti mkononi haina kosa, kosa ni noti isiyo na karatasi.

Hatua ya kwanza: Acha kunong'ona

Siku hizi kazi yangu ni kuwaandikia hesabu wenye maduka, na swali ninaloulizwa zaidi ni hili: “Hivi kumlipa mtu taslimu, si kosa?” Linaulizwa kwa sauti ya chini, mlango umerudishwa, kama mtu anayeuliza bei ya magendo.

Si kosa. Sema kwa sauti, jirani asikie. Zanzibar mambo ya kazi si ya Muungano. Tunayo Sheria yetu ya Ajira, Namba 11 ya 2005, na Sheria ya Mahusiano Kazini, Namba 1 ya mwaka huo huo. Hakuna mkaguzi wa Kamisheni ya Kazi atakayekutia hatiani kwa sababu tu umemlipa kibarua kwa noti badala ya kumpeleka benki.

Wenzetu wa Bara wameliandika jambo hili wazi kabisa. Katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kifungu cha 27 kinaanza na taslimu: mtu alipwe mahali pa kazi, ndani ya saa za kazi, siku iliyokubaliwa, na noti ziwe ndani ya bahasha iliyofungwa. Hundi na akaunti ya benki vinakuja baadaye, mfanyakazi mwenyewe akiridhia. Na kila malipo yafuatane na maelezo ya maandishi. Duniani pia ni hivyo. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1949, unataka ujira ulipwe kwa fedha halali ya nchi, na unakataza kumlipa mtu kwa kuponi na hati za ahadi. Waliouandika waliona jinsi wafanyakazi walivyokuwa wakilipwa vikaratasi vya kwenda kuchukulia unga katika duka la tajiri yule yule. Kwao noti ilikuwa kinga ya mfanyakazi.

Kinachomtia mtu matatani ni vile vinavyofichwa nyuma ya noti: ujira chini ya kima kilichotangazwa, kumbukumbu zisizokuwepo, mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, usiopelekwa, mtoto wa skuli ya msingi aliyesimamishwa dukani saa saba za usiku. Hayo ni makosa hata ukilipa kwa benki yenye marumaru.

Na kodi? Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, inakusanywa na Mamlaka ya Mapato, TRA, hata hapa Unguja. Lakini kodi ya mshahara, ile PAYE, haimgusi mtu ambaye kipato chake cha ajira kwa mwezi hakizidi shilingi 270,000. Kiwango hicho kilianza Julai 2020. Kibarua wa siku kumi kwa elfu kumi na mbili anapata 120,000, hafiki hata nusu ya hapo. Mwenye ajira nyingine kubwa ana hesabu yake, huyo mpeleke TRA mkaulize pamoja. Lakini tajiri anayewaficha vibarua wa Ramadhani kwa kuiogopa PAYE anakimbia mvua ambayo haijanyesha.

Hatua ya pili: Mrudishie kibarua kibarua chake

Neno lenyewe linatuumbua. Kibarua ni barua ndogo. Kabla halijawa jina la mtu, lilikuwa jina la karatasi. Katika mji huu, karne ya 19, wafanyabiashara walikodi watu wa kutwa wa kupakia na kupakua mizigo na kusafisha sandarusi. Kila aliyechukuliwa alipewa kijikaratasi, na jioni alikirudisha akapokea ujira wake. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya fedha ile ilikwenda kwa mabwana zao. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Zanzibar Aprili 1897. Jina likabaki. Karatasi ikapotea.

Hebu litazame jambo hili kwa utulivu. Mtumwa wa kukodishwa alikuwa na kikaratasi cha kuonyesha kwamba siku ile alifanya kazi. Mjukuu wake, raia huru mwenye kitambulisho cha Mzanzibari, anauza madera Mlandege siku kumi na hana hata mstari mmoja wa kuonyesha. Tumelichukua neno, tumeitupa maana yake.

Na mtu asiniambie kuandikiana ni mambo ya wageni. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni, mwandishi awe muadilifu na mashahidi wawepo. Kila aliyesoma chuoni ameipitia. Ujira wa mtu ambao hujamlipa ni deni lako kwake, kuanzia pale anapotoka mlangoni kwako na jasho lake. Na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya kumlipa mfanyakazi kabla jasho halijakauka yanahubiriwa kila Ramadhani, misikiti yote ya mtaa huu. Tunayajua. Lililobaki ni kununua daftari.

Basi nunua daftari, kaunta buku ya kawaida. Kila kibarua apate ukurasa wake: jina, namba ya simu, siku aliyoanza, ujira mliopatana. Kila usiku akitoka, andika tarehe na saa alizofanya, aweke saini yake mbele ya mstari. Kwa vibarua sita ni kazi ya dakika tano, na dakika tano hizo zingetuokoa mimi na ami yule na miaka ya kununiana.

Hatua ya tatu: Patana kabla robota halijafunguliwa

“Wewe njoo tu, tutaelewana.” Hili ndilo neno lililovunja udugu mwingi kuliko mirathi. Tutaelewana maana yake hatujaelewana. Usimwingize mtu dukani kwa neno hilo, na wewe unayetafuta kazi usiingie kwa neno hilo, hata kama tajiri ni mjomba wako. Kwa mjomba ndiyo usiingie kabisa, kwa sababu mgeni utamdai, mjomba utamuonea haya.

Mambo ya kupatana ni matano, yanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ujira ni kiasi gani, na ni kwa saa, kwa siku au kwa kazi nzima? Kuingia na kutoka ni saa ngapi? Futari, daku na nauli ya daladala ni juu ya nani? Kitu kikivunjika au kikiibiwa inakuwaje? Malipo ni lini: kila usiku, kila Alhamisi, au usiku wa kuamkia Idi?

Wachumaji wa karafuu wanatufundisha hapa. Wao wamezoea kulipwa kwa pishi. Mchumaji anapanda mkarafuu asubuhi akijua pishi moja ni shilingi ngapi, na jioni kipimo kinawekwa mbele ya macho yake. Kama shambani mtu wa juu ya mti anaijua bei yake, mjini mtu aliyesimama sakafuni ana sababu gani ya kutoijua?

Bei yenyewe usiibuni kwa kutazama shida ya mtu. Kima cha chini cha mshahara wa sekta binafsi hutangazwa na serikali. Nenda Kamisheni ya Kazi ukaulize kilichopo sasa, kisha kigawe kwa siku na kwa saa. Kibarua wa nusu siku anastahili nusu ya siku kamili, hastahili robo. Kusema “huyu ni wa muda tu” hakupunguzi bei ya mchele anaoununua Darajani. Muuza mchele hana bei ya watu wa muda. Mji huu umewahi kulilipia jambo hilo. Agosti 1948 makuli wa bandarini waliweka mizigo chini kwa sababu ujira wao haukulingana na bei za vitu, na mgomo ukatoka bandarini ukaingia mjini, ukawa mgomo mkuu. Waliosimamisha mji walikuwa watu wa kutwa, wale wale wanaoonekana wadogo siku ya kupatana.

Hatua ya nne: Hesabu mbele yake

Siku ya kulipa, usimpe mtu fedha zilizokunjwa kiganjani kama unampa sadaka. Sadaka hufichwa, ujira huhesabiwa. Mwite pembeni, mbali na wateja, fungua daftari ukurasa wake, hesabuni siku pamoja. Kisha noti moja moja juu ya meza. Kisha bahasha. Kisha yeye ahesabu tena, na usikasirike akihesabu. Asiyehesabu mbele yako atahesabu njiani, na zikipungua hapo ndipo jina lako litakapoanza safari.

Sasa mpe kibarua chake. Nakionyesha hapa kizima, uweze kukinakili:

Tarehe: 28 Ramadhani. Nimemlipa Fulani binti Fulani kwa kazi ya kuuza dukani, siku 10, kuanzia saa mbili za usiku mpaka saa saba, kwa shilingi 12,000 kwa siku. Jumla: 120,000. Alichukua mapema: 20,000. Amepokea leo: 100,000 taslimu. Saini ya mlipaji. Saini ya mpokeaji.

Ni mistari michache tu. Iandike nakala mbili kwa karatasi ya kaboni, moja yake, moja yako. Usisahau mstari wa “alichukua mapema”, maana ndipo ugomvi mwingi unapolala: elfu tano aliyochukua Jumatatu kumnunulia mama dawa, wewe unaikumbuka elfu kumi, yeye haikumbuki kabisa, na nyote wawili ni wakweli.

Wapo wanaodhani karatasi ni ya kumlinda kibarua peke yake. Wanakosea. Katika sheria ile ya Bara, kifungu cha 15, mwajiri akishindwa kutoa maandishi mbele ya vyombo vya sheria, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake. Kenya nayo ina kanuni kama hiyo katika Sheria ya Ajira ya 2007. Tajiri asiye na karatasi ndiye atakayetoa jasho siku hiyo. Januari 2024 timu ya mtaa wetu, Mlandege, iliwafunga Simba, Wekundu wa Msimbazi, bao 1–0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi uwanjani Amaan. Tulioshangilia tulikuwa maelfu, lakini bao lile lipo mpaka leo kwa sababu mwamuzi aliliandika. Wekundu wa Msimbazi wa mfukoni, zile noti za elfu kumi, nao wanataka mwamuzi wa kuwaandika.

Hatua ya tano: Usimlipe madera

Sikukuu imekwisha, yamebaki madera arobaini ya rangi ambayo hakuna aliyeitaka. Tajiri anamtazama binti aliyeuza siku kumi, anamwambia: “Chukua madera manne, na hizi elfu ishirini, tumemalizana.”

Hamjamalizana. Yeye alipatana fedha. Dera lililokataliwa na Mlandege nzima yeye atamuuzia nani? Mkataba ule wa 1949 unasema mfanyakazi awe huru na ujira wake, asishurutishwe kununua katika duka la mwajiri. Ukitaka kumpa zawadi, mlipe kwanza fedha yake yote, aweke saini, kisha mpe dera zuri, la rangi anayoitaka mwenyewe. Hapo ni zawadi, na Mungu atakulipa.

Wala usimlipe nusu kwa ahadi ya “Ramadhani ijayo nitakukumbuka”. Ramadhani ijayo ina wake wa kukumbukwa.

Hatua ya sita: Ukituma kwa simu, tuma na ya kutolea

Siku hizi wengi wanalipa kwa simu, na ni vizuri. Ujumbe wa simu ni kibarua cha zama hizi: una tarehe, una kiasi, una jina. Imarati walianza mwaka 2009 kuwalazimisha waajiri wapitishe mishahara kwenye mfumo unaoonekana na serikali, na ndugu zetu walioko huko wanajua tofauti yake: mshahara usipoingia, kuna pa kuuonyesha.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, makato ya kutolea. Ukipatana na mtu 100,000 ukamtumia 100,000 kamili, akifika kwa wakala hapati 100,000. Tuma na ya kutolea, jambo hili halihitaji hata kuombwa. Pili, tuma kwa namba ya mwenyewe. Usitume kwa namba ya kaka yake, ya mume wake, wala ya yule “msimamizi” aliyemleta. Ujira ni wa aliyesimama. Msimamizi anayetaka chake alipwe na wewe.

Hatua ya saba: Ujue lini kibarua ameacha kuwa kibarua

Kuna dada mmoja, duka moja la mtaani kwetu, aliitwa kwa sikukuu. Sikukuu ikapita, akaambiwa abaki kidogo kumalizia mzigo. Ukaja mzigo mwingine. Sasa anajua bei zote kuliko mwenye duka, anabaki na ufunguo tajiri akisafiri, wateja wanamwita kwa jina. Anaandikwa nini kwenye daftari? Kibarua. Mwaka wa nne huu.

Huyo si kibarua. Kenya wameliwekea jambo hili mpaka ulio wazi. Sheria yao ya 2007 inamwita kibarua yule anayelipwa mwisho wa kila siku na asiyechukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kwa kifungu cha 37, akifanya siku za kazi mfululizo zinazofikia mwezi, anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, na haki zake zinafuata. Hapa kwetu kaulize Kamisheni ya Kazi, lakini kabla hujaenda jiulize mwenyewe: kesho asipokuja, duka litafunguliwa? Kama jibu ni hapana, una mfanyakazi. Mwandikie mkataba, mpe likizo yake, mpeleke ZSSF.

Kuhusu ZSSF nina la kusema. Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya 1998. Mfanyakazi anachangia sehemu, mwajiri anachangia sehemu kubwa zaidi. Toka Mlandege kwa miguu, dakika chache, utaliona jengo la Michenzani Mall. Limejengwa na ZSSF. Yule dada wa mwaka wa nne hupita pale kila siku na hana hata shilingi moja ya uzeeni ndani yake, kwa sababu kuna mtu amemwandika kibarua. Kwa anayejitegemea, au anayeruka duka hadi duka, mfuko una mpango wa kuchangia kwa hiari. Aingie. Kidogo kidogo hujaza kibaba.

Na akianguka kwenye ngazi akishusha robota, usimwambie “pole, umejitakia”. Zanzibar ina sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini. Kusema alikuwa wa kutwa hakuungi mguu uliovunjika.

Hatua ya nane: Jifunze kujibu visingizio

Nimevisikia vyote. Navitoa hapa pamoja na majibu yake.

“Sisi ni ndugu, tuandikiane nini?” Ndugu ndio huandikiana, kwa sababu ndugu hawawezi kuachana. Mgeni mkigombana atahamia mtaa mwingine. Ndugu mtakutana kwenye hitima.

“Yeye mwenyewe hataki karatasi.” Muulize tena baada ya kumweleza itamfaa nini. Wengi hawaitaki kwa sababu wanadhani ni ya polisi.

“Njoo baada ya Idi, mambo yatakuwa mazuri.” Mambo mazuri ni yale ya kabla ya Idi, ndiyo maana watu walisimama mpaka saa saba. Mwenye watoto wanaosubiri viatu hawezi kungoja Idi ipite.

“Nimemfundisha kazi, angenilipa yeye.” Kama ulimchukua kujifunza, ungemwambia siku ya kwanza. Ulimchukua kuuza, na akauza.

“Nikiandika, mkaguzi ataona.” Ataona nini? Kama daftari lako linamtia mkaguzi furaha, mwekee kiti. Kama unaogopa alione, usilichome daftari; rekebisha ujira.

Hatua ya tisa: Kwa wewe unayelipwa

Usingoje tajiri asome mwongozo huu. Fungua daftari lako mwenyewe, au andika kwenye simu: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, ulichopewa. Kila usiku, hata ukiwa umechoka. Ukipatana kwa mdomo, ukifika nyumbani mtumie tajiri ujumbe wa adabu: “Assalaam alaykum ami, nashukuru kwa kunipokea. Kama tulivyopatana, ni siku kumi, elfu kumi na mbili kwa siku, kuanzia kesho.” Akijibu “sawa”, umeshapata kibarua chako. Akipiga simu kusema siyo hivyo, umeokoka mapema.

Ukilipwa pungufu, usitukane na usilie mbele ya wateja. Mwombe mfungue daftari. Asipokuwa nalo, fungua lako. Ikishindikana, mchukue mtu mzima mmoja wa mtaani mnayemheshimu wote wawili, mwende mkazungumze baada ya sala ya alasiri, duka likiwa kimya. Mambo mengi yanaishia hapo. Yasipoishia, Kamisheni ya Kazi ipo, na kitengo cha kusuluhisha migogoro ya kazi kipo. Nenda na daftari lako na ujumbe wako. Vyama vya wafanyakazi chini ya shirikisho lao, ZATUC, navyo vina watu wa kukuongoza. Haki ya kutwa ni haki kama ya mwezi, na kuidai si utovu wa adabu.

Neno la mwisho

Tajiri wa Mlandege, nakuomba. Ramadhani ijayo, kabla hujaagiza mzigo, nenda kwa muuza vifaa vya skuli ununue daftari moja, kitabu kimoja cha risiti chenye kaboni na bahasha chache. Vyote kwa pamoja havifiki ujira wa siku moja wa kibarua mmoja. Usiku wa kuamkia Idi, keti, fungua, hesabu, lipa taslimu ukitaka, na mtie mtu karatasi yake mkononi. Asubuhi mtakutana Amaan au msikitini mmevaa vizuri, mtapeana mkono, na hakuna kati yenu atakayetazama chini.